"Asante kwa uhai, afya na familia, amina": shukrani za nyumbani zinapogeuka kukariri

SWALI

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu: binti wa miaka 13 na wavulana wawili, wa miaka 8 na 4. Mwanzoni mwa mwaka tulisikia mahubiri juu ya moyo wa shukrani, nami nikaweka utaratibu: kila jioni, kabla hatujagusa chakula, kila mtoto ataje mambo matatu anayomshukuru Mungu. Wiki za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Sasa wanakariri tu. Wa miaka 8 anasema kwa pumzi moja, "Asante kwa uhai, afya na familia, amina," mkono tayari uko kwenye kijiko. Mdogo anarudia alichosema kaka yake.

Binti ndiye anayeniumiza moyo. Bibi yake alipougua tulimwombea kwa miezi, na bado tukamzika. Jioni moja zamu yake ilipofika akasema, "Mimi sina cha kushukuru. Tuliomba na bibi akafa." Nikamjibu kwamba Biblia inatuambia tushukuru kwa kila jambo, na kwamba kuna watoto wanaolala njaa ambao wangetamani kuwa mahali pake. Tangu siku hiyo zamu yake ikifika ananyamaza, au anasema "nipite." Nilimnyang'anya simu kwa ajili ya hilo, na mpaka leo ninayo.

Na mimi mwenyewe, nikisema kweli, tangu naamka hadi nalala nasikika nikilalamika: kazi, uchovu, viatu vilivyotupwa mlangoni. Mume wangu anaombea chakula, basi, mengine ananiachia. Je, niendelee kuwalazimisha au niache? Binti nimfanyeje? Na mzazi anayenung'unika kutwa aanzie wapi?

Mama wa Watatu

JIBU

Amina, mama. Usiuache utaratibu huo, ila uupumzishe kwa wiki mbili. Katika wiki hizo hakuna zamu, hakuna mambo matatu, na watoto waambiwe wazi kwamba hawajakosa kitu: "Tunapumzika kidogo, mama anatafuta njia nzuri zaidi." Wiki mbili hizo ni za kazi yako na binti, na kazi yako na kinywa chako. Hayo yakianza kukaa sawa, la wadogo litarekebishika haraka, kwa sababu tatizo lao ni la ufundi tu. La binti ni jeraha.

Alichokisema mezani kimo ndani ya Biblia. Zaburi ya 13 ina mistari 6, na katika miwili ya kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne, tena anamuuliza Mungu usoni kama amemsahau milele. Wimbo wa furaha unakuja mwishoni kabisa. Binti yako alikuwa kwenye mstari wa kwanza, nawe ukamtaka aruke hadi wa sita.

Fungua pia Yohana 11, habari za kifo cha Lazaro. Mariamu anamwambia Yesu kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa. Mstari wa 35 Yesu analia. Mstari wa 37 baadhi ya watu wanauliza: aliyemfumbua macho kipofu, hakuweza kumzuia na huyu asife? Ni swali lile lile la binti yako, na hakuna aliyekemewa kwa kuliuliza. Maneno "Baba, nakushukuru" yanatajwa mstari wa 41. Machozi yalitangulia, maswali yakafuata, kisha shukrani.

Na ule mstari uliomnukulia, 1 Wathesalonike 5:18, uliandikiwa watu waliokuwa na makaburi. Sura moja kabla yake Paulo anawafariji juu ya wapendwa wao waliolala mauti, na hawakatazi kuhuzunika. Anawaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini. Alianza na wafu wao, ndipo akafika kwenye shukrani. Mzazi akimnukulia mtoto mwenye msiba 5:18 peke yake, amemkatia barua katikati.

Sasa, hatua. Mtafute binti mkiwa wawili tu, na ikiwezekana mkiwa mnafanya kitu bega kwa bega: mnatembea, mnakunja nguo, mnaosha vyombo. Mtoto wa umri huo akikalishwa mkatazamana uso kwa uso huhisi ameitwa barazani. Mwambie maneno machache: "Siku ile uliposema kuhusu bibi nilikukatiza. Hukukosea. Mimi pia nilimwomba Mungu amponye, na sijui kwa nini haikuwa hivyo." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wazazi wengi huharibu, kwa kuongeza "lakini Mungu ana makusudi yake" kabla mtoto hajavuta pumzi. Usiongeze mstari wa Biblia. Asipojibu, endeleeni kukunja nguo.

Simu mrudishie siku hiyo hiyo, bila sharti, na useme kwamba adhabu ile haikustahili. Katika Luka 17 Yesu aliwaponya wakoma kumi na akarudi mmoja tu kushukuru. Aliuliza wale tisa wako wapi, lakini hakuna mahali tunaposoma kwamba aliwarudishia ukoma. Kutoshukuru kunaweza kuulizwa. Kukiadhibiwa, mtoto anajifunza kwamba "asante" ni ushuru wa kulipia vitu asije akanyang'anywa.

Mpe pia haki ya kusema "nipite", bila kueleza sababu na bila muda wa mwisho. Kama anapenda kuandika, mpe daftari, na mpendekezee mistari miwili tu kwa siku anayotaka: mmoja wa kinachomuuma, mmoja wa kitu kizuri alichokiona. Yote miwili aielekeze kwa Mungu. Daftari hilo halisomwi na mtu. Ukilisoma hata mara moja, limekwisha.

Baadaye sana, labda yeye mwenyewe atafungua mlango, mnaweza kumshukuru Mungu kwa ajili ya bibi. Angalia tofauti hapo: kwa ajili ya bibi, si kwa ajili ya kifo chake. Tena kwa jambo dogo linaloonekana: namna alivyokuwa akimwita jina, alivyokuwa akimtafutia nafasi karibu naye akiketi. Shukrani ya namna hiyo huja na machozi, na si kosa. Kuna jambo moja usilichanganye na haya: akiwa halali vizuri, hali chakula, amejitenga na rafiki zake na kuacha aliyokuwa akiyapenda kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke kwa daktari au mshauri anayejua watoto. Na akitamka kwamba hataki kuishi, usingoje wiki mbili, nenda siku hiyo hiyo. Hali hiyo hutibiwa, haihimizwi kwa mafundisho ya shukrani.

Neno kuhusu "kuna watoto wanaolala njaa." Karibu kila mzazi amewahi kulisema, na halijawahi kumshibisha mtoto mmoja mwenye njaa. Yule Farisayo wa Luka 18:11 alisali hivi: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Kwa maneno ilikuwa shukrani kamili, na ndiyo iliyokataliwa. Mtoto anayefundishwa kushukuru kwa kujilinganisha anabeba mawazo mawili mabaya: kwamba Mungu anawapenda zaidi wenye vitu, na kwamba hana ruhusa ya kuumia maadamu yupo anayeumia kuliko yeye. Akitakiwa kujua habari za wenye njaa, ajue kwa njia ya kutoa. Achague kitu chake mwenyewe, akipeleke kwa mkono wake. Pale mezani, akiwa na huzuni, si mahali pake.

Tuje kwako, mama. Watoto hawasikii zile dakika tano za mezani, wanasikia siku nzima. Hata hivyo, ukiapa kwamba kuanzia kesho hulalamiki, kiapo kitavunjika kabla ya saa mbili asubuhi, na utalala na hatia mpya. Chagua saa moja tu. Ile ya kwanza baada ya wote kurudi nyumbani ndiyo yenye faida kubwa, maana ndiyo inayopanga hewa ya jioni yote. Katika saa hiyo kila lalamiko linalokujia lipe moja ya njia tatu. Kama yupo anayeweza kulirekebisha, ligeuze ombi lenye jina na kitendo: badala ya "nyumba hii haina mtu wa kuweka viatu mahali pake," sema "naomba uviingize viatu vyako ndani sasa." Kama hayupo, lipeleke kwa Mungu, hata kwa sauti: "Bwana, nimechoka, nisaidie." Kama halistahili hata moja kati ya hayo, liache lipite. Waisraeli katika Kutoka 16 walikuwa na njaa ya kweli jangwani. Walichokosea ni kuinung'unikia pembeni badala ya kumwambia Mungu. Daudi alikuwa na malalamiko makali kuliko yao, ila aliyapeleka kwa Mungu mwenyewe.

Halafu chunga neno "lakini". Sikiliza sentensi hii: "Asante kwa kuosha vyombo, lakini hukufuta meza." Mtoto amesikia nusu ya pili tu. Akiambiwa hivyo mara kadhaa, kila akisikia "asante" ya mama anakaza mabega akingoja kosa lake lisomwe. Acha asante isimame peke yake. Meza ifute wewe, au mwambie kesho kabla hajaanza: "Leo ukimaliza vyombo, futa na meza." Agizo linalotangulia kazi ni mafunzo. Likifuata asante, linakuwa hukumu.

Usichanganye pia asante na sifa. "Wewe ni mtoto mzuri" ni sifa, na ina hatari yake, kwa kuwa siku akikosea anajiuliza kama bado ni mzuri. Asante hutaja kitu kilichofanyika na kilichokufanyia: "Umeanua nguo kabla sijafika, nimepata dakika kumi za kukaa." Sema moja kama hiyo kwa kila mtoto kila siku, inatosha. Za Mungu nazo ziseme kwa sauti, sentensi moja, pale pale jambo linapotokea. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja njiani, nyumbani, kulala na kuamka, wala haitaji mkutano wa familia. "Bwana, asante mvua imengoja hadi tumefika." Kisha endelea na safari. Ukiongeza mahubiri ya dakika tatu, wiki ijayo wataanza kukimbia wakikuona unatazama mbingu.

Kwa moyo wako mwenyewe, andika mara moja kwa wiki. Katika utafiti wa wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough uliochapishwa mwaka 2003, kundi moja liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru. Waliyatazama maisha yao kwa jicho jema kuliko kundi lililoandika kero. Kwa wengine kila siku inaweza kuwa nyingi, ikazaa kukariri kule kule unakokulalamikia kwa wanao. Mambo matano yenye undani yanazidi ishirini ya jumla. Usiandike "watoto". Andika mtoto gani, alifanya nini, wapi.

Na usiku, kabla ya kulala, fuata mpangilio wa kujihoji alioufundisha Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti: shukrani kwanza, ndipo makosa. Mzazi mwenye hatia huanza na makosa ("nimewapigia kelele tena"), usingizi ukamchukua kabla hajafika kwenye jema lolote. Dakika tano zinatosha: mema ya leo, kisha pale ulipoteleza, kisha msamaha, na kama ulimkosea mtoto, kesho umwambie.

Sasa wadogo. Utaratibu wako uliharibiwa na mambo matatu: ulikuwa kabla ya chakula, ulikuwa wa kila siku kwa idadi kubwa, na swali lilikuwa pana mno. Mtoto mwenye njaa akiwekewa sala kati yake na sahani, sala inakuwa lango, na atatafuta neno fupi la kulifungulia. "Uhai, afya na familia" ni ufunguo mzuri sana kwa kazi hiyo. Kumbukumbu la Torati 8:10 inasema "Nawe utakula ushibe, nawe utamshukuru BWANA, Mungu wako," na Wayahudi hadi leo husema baraka yao ndefu baada ya kula. Sura hiyo inaendelea kueleza sababu: aliyeshiba ndiye anayesahau. Basi kabla ya chakula aombe mtu mmoja, sentensi moja, sekunde kumi. Mzunguko uje wakishashiba, jioni tatu kwa wiki, jambo moja kwa kila anayetaka.

Swali libadilike. "Unamshukuru Mungu kwa nini?" ni gumu hata kwa mchungaji akiulizwa ghafla. Uliza: nani leo amekufanyia kitu ambacho hakulazimika? Ni kitu gani leo kingeweza kuharibika na hakikuharibika? Nani hatumwoni lakini tumetumia kazi yake leo? Ulicheka wakati gani? Swali moja kwa jioni, yatoshe.

Akijibu kwa jumla, mvute hatua mbili kwa maswali: ni nini hasa, na kilimgharimu mtu nini.

"Asante kwa rafiki yangu."
"Alifanya nini?"
"Alinisubiri nikifunga kamba za viatu."
"Wakati anasubiri, yeye alikosa nini?"
"Mh... wenzetu walianza mpira. Alikosa kuanza nao."

Mtoto aliyefika hapo ameona kwamba wema una bei na yupo aliyeilipa. Sala yake inakuwa: "Mungu, asante alinisubiri mpaka akachelewa mpira." Ishia hapo. Maswali mawili ni mazungumzo; la tatu ni polisi. Na kesho yake mkumbushe amshukuru rafiki mwenyewe, maana asante inayokwenda kwa Mungu pekee huku aliyetumwa na Mungu hajaambiwa kitu ina upungufu.

Ule wimbo wa zamani wa huyu wa miaka 8, wa uhai, afya na familia, usiuue. Zaburi ya 136 ina mistari 26 na kila mmoja unaishia na maneno yale yale, "kwa maana fadhili zake ni za milele"; kinachobadilika ni nusu ya kwanza: jua, mwezi, Bahari ya Shamu, wafalme walioangushwa. Watoto wanapenda kiitikio, basi wape. Mmoja ataje jambo lake la leo, wote muitike. Binti anaweza kuitika bila kutaja chochote, na hiyo ni njia nzuri ya kubaki ndani bila kusukumwa.

Wa miaka 4 usimuulize gharama. Akili ya kuona kitu kwa macho ya aliyetoa bado inakua. Atashukuru kwa mwanasesere yule yule mwezi mzima, au kwa alichosema kaka yake, na haidhuru. Mwache aonyeshe kwa kidole kitu kimoja kilichopo chumbani, useme naye "asante, Mungu." Akikataa, muimbie.

Msibandike shukrani zao ukutani kwa wageni wala kuzituma kwenye makundi ya simu. Mtoto akijua kuna hadhira, anaanza kuchagua maneno ya kupendeza watu, na umerudi pale pale kwa njia nyingine.

Kagua baada ya wiki sita tangu mwanze upya. Usipime kwa maneno ya mezani. Sikiliza yanayotoka bila kuulizwa: mtoto anayesema njiani "yule dereva katungoja," anayemshukuru mfagiaji wa kanisa, anayeuliza kama umechoka. Kukariri kukirudi, badilisha swali kabla hujapandisha sauti. Na jioni ambayo nyumba ina ugomvi au mgonjwa, ruka mzunguko, ombeni kwa kifupi, mlale.

Baba wa watoto usimpe mpango mzima. Mwombe kitu kimoja: ile sentensi yake ya kabla ya chakula iwe na jambo moja la siku hiyo, lolote, hata basi lililofika kwa wakati. Akifanya, mshukuru mbele ya watoto, bila "lakini".